Pikapu iliyotetemeka kwenye mataa: uchambuzi wa kisa cha sailensi mbovu

Gari na kazi yake

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya miaka ya 1980, pikapu ya petroli yenye injini ya 22R. Ina silinda 4, ujazo wa lita 2.4, kabureta ya njia mbili (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), distributa na koili zinazotengeneza na kugawa cheche. Haina kompyuta, haina taa ya "check engine", na hakuna mashine ya kuichomeka ikakwambia tatizo liko wapi. Kila kitu unakitafuta kwa sikio, kwa mkono na kwa vipimo vya kawaida.

Mwenye gari ana duka la vifaa vya ujenzi upande wa Temeke, Dar es Salaam. Pikapu hubeba saruji, nondo na mabomba kupeleka kwa wateja, na njia zake za kila siku ni Barabara ya Mandela na Barabara ya Nyerere. Dereva amelishika gari hilo kwa miaka mingi na analijua kuliko mwenye mali. Majina, namba za gari na gereji mbili lilikopitia kabla ya kwetu nimeviacha makusudi.

Malalamiko yalivyofika

Dereva alieleza hivi: gari linatembea vizuri, linavuta vizuri hata likiwa na mzigo, ila likisimama kwenye mataa linatetemeka mpaka vioo vinagongana, na mara nyingine linazima. Usiku taa zikiwa zimewashwa hali inakuwa mbaya zaidi. Kwenye sailensi, yaani injini inanguruma bila mguu kwenye mafuta, inamisi: mwako unakatakata.

Gereji ya kwanza walifungua kabureta, wakaiosha kwa petroli, wakapuliza kwa kompresa, wakabadilisha plagi na kupandisha sailensi kidogo. Gari likapata nafuu ya muda mfupi, kisha likarudi kule kule. Gereji ya pili walimshauri bosi anunue kabureta mpya. Akaenda Kariakoo, akanunua kopi, ikafungwa. Mtetemo ukapungua lakini haukuisha, ulaji wa mafuta ukapanda, na likazuka jambo jipya: ukizima ufunguo, injini inaendelea kujizungusha yenyewe kwa sekunde kadhaa ikigonga, ndipo inatulia.

Tulipomuuliza dereva kama kuna kitu kingine chochote kilichobadilika kwenye gari katika miezi ya karibuni, hata kama anaona hakihusiani, alifikiri kidogo akasema: "Breki imekuwa ngumu, fundi. Tumebadilisha viatu vya nyuma, bado ngumu. Na mafuta ya breki nayaongeza mara kwa mara, ila sioni yanapomwagikia."

Sentensi hizo tuliziandika kwenye karatasi ya gari pamoja na mengine yote. Wakati huo hakuna aliyeziunganisha na sailensi.

Hatua ya kwanza: kulirudisha gari kwenye hali inayojulikana

Tulilipokea gari likiwa na skrubu zilizoguswa na mikono mingi. Hapo kuna uamuzi mmoja wa kufanya kabla ya mengine yote: unaendelea kurekebisha juu ya marekebisho ya wenzako, au unarudi nyuma kwanza? Tuliamua kurudi nyuma, na sababu ni hii.

Sailensi ilikuwa imepandishwa hadi mizunguko 1,300 kwa dakika. Injini hii ikiwa na gia za mkono inatakiwa ikae karibu na 700. Ukipandisha skrubu ya sailensi kiasi hicho, kipepeo cha kabureta, kile kibati cha duara kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kinakuwa wazi kiasi cha kufichua vitundu vya juu yake ambavyo kazi yake ni kutoa petroli wakati gari linapoanza kuongeza mwendo. Petroli ikishaanza kutoka huko, skrubu ya mchanganyiko haina tena usemi. Tulilijaribu hilo pale pale: tuliifunga skrubu ya mchanganyiko mpaka mwisho, taratibu, na injini haikujali. Kwenye kabureta nzima iliyosetiwa vizuri, ukiifunga hivyo injini inayumba au inazima. Kwa hiyo fundi yeyote aliyekuwa anaizungusha skrubu hiyo akitafuta mlio mzuri alikuwa anapoteza muda wake.

Tuliifungua kabureta ile ya kopi na kukuta chanzo cha injini kugoma kuzima. Kabureta za injini hizi zina solenoidi ndogo inayofungua njia ya petroli ya sailensi ufunguo ukiwashwa, na kuifunga ukizimwa. Soketi ya solenoidi mpya haikulingana na waya wa gari, na mtu akaamua kukata ncha yake ili njia ikae wazi muda wote. Ujanja huo ni wa kawaida mjini na gari linawaka kweli. Lakini ukichanganya njia iliyo wazi, kipepeo kilichoinuliwa na injini ya moto, petroli inaendelea kuingia baada ya cheche kukatwa, na joto la ndani ya silinda linaiwasha.

Kwa bahati nzuri bosi hakuwa ameuza kabureta ya zamani. Ilikuwa kwenye kiroba stoo. Tulipima mchezo wa shafti ya kipepeo, maana shafti iliyolika inaingiza hewa na hakuna kuosha kutakakoiponya. Mchezo ulikuwa mdogo. Tukaweka gasketi na sindano mpya ya floti, tukapima kimo cha floti, tukaipa solenoidi volti 12 ikaitika kwa mlio wake wa "tik". Ikarudi kwenye gari.

Hatua ya pili: injini yenyewe ina afya?

Kabla ya kuseti chochote tulipima kompresheni, yaani msukumo ambao kila silinda inaujenga, injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Silinda nne zilitoa psi 152, 148, 150 na 146. Kiwango cha chini kwa 22R ni 142 na tofauti kati ya silinda isizidi 14, kwa hiyo injini hii ni ya makamo lakini si mgonjwa. Tapeti mbili za ekzosi, yaani nafasi za valvu za kutolea moshi, zilikuwa zimebana. Tukaziseti kwa fila geji, milimita 0.20 kwa upande wa hewa na 0.30 kwa ekzosi, injini ikiwa na joto. Kifuniko cha distributa kilikuwa safi, waya za plagi zilifuata mpangilio sahihi wa 1-3-4-2, taiming ilikuwa mahali pake. Plagi zote nne zilikuwa nyeusi kwa masizi sawasawa, na ule usawa una maana: ingekuwa silinda moja ina shida, plagi yake ingesimulia habari tofauti na za wenzake.

Kisha tukafunga geji ya vakyumu, inayopima nguvu ya injini kunyonya hewa, kwenye manifoldi, lile bomba linalopeleka hewa na petroli kwenye silinda. Kipimo hiki kinadharauliwa mno kwenye gereji zetu, na ni cha bei ndogo. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, kwa hiyo injini ya aina hii ikiwa nzima inatakiwa kuonyesha kati ya inchi 17 na 21 za zebaki kwenye sailensi, sindano ikiwa imetulia. Fundi wa Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, lazima apunguze: takriban inchi moja kwa kila mita 300, la sivyo atatafuta ugonjwa usiokuwepo.

Tuliseti sailensi kwenye mizunguko 750 na kurekebisha mchanganyiko, ambao sasa skrubu yake ilikuwa inaitika. Geji ikasimama kwenye 17 na nusu. Tukapuliza maji kwa chupa kuzunguka manifoldi, chini ya kabureta na kwenye mipira yote midogo, tukisikiliza kama mlio utabadilika. Wengi hutumia petroli kwa kazi hii. Sisi hatuitumii karibu na injini ya moto. Mlio haukubadilika. Tukabana mipira ya vakyumu mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa, ukiwemo ule mnene wa busta ya breki. Hakuna kilichobadilika.

Gari lilikuwa linanguruma vizuri uani. Bosi, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli akipokea simu za wateja, alisimama akidhani kazi imekwisha.

Barabarani

Utaratibu wetu ni kwamba gari lililoletwa kwa shida ya barabarani halikabidhiwi kabla ya kupita barabarani, na anayeendesha ni dereva wake, siyo fundi. Tuliunganisha mpira mrefu kwenye geji, tukaupitisha pembeni mwa boneti na kuuingiza dirishani, nikakaa kiti cha abiria nikiwa nimeishika geji mkononi.

Kwenye foleni ya mataa ya Buguruni gari lilisimama na kuanza kutetemeka kama alivyosema. Sindano ilikuwa imeshuka kutoka 17 hadi 11 na imeganda hapo hapo. Nikamwambia dereva avute handibreki na kutoa mguu kwenye breki. Mtetemo ukakata, sindano ikapanda. Mguu kwenye breki: ikashuka. Mguu nje: ikapanda.

Gereji zote mbili za mwanzo, na sisi pia uani, tulilipima gari likiwa limesimama kwa handibreki, na hakuna aliyekuwa ameketi nyuma ya usukani. Kwenye mataa mguu wa dereva uko kwenye breki muda wote. Neno "mataa" katika malalamiko lilikuwa na habari zaidi ya kwamba gari limesimama.

Kwa nini busta ilijificha

Hapa ndipo penye somo zito la kisa hiki, na nitapaeleza taratibu.

Busta ni lile sufuria jeusi lililo kati ya pedali na masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachoigawa vyumba viwili. Usipokanyaga breki, vyumba vyote viwili vinavutwa na vakyumu ya injini kwa usawa. Ukikanyaga, valvu iliyo kwenye fimbo ya pedali inatenganisha vyumba na kuruhusu hewa ya kawaida iingie chumba cha nyuma. Tofauti ya msukumo kati ya vyumba ndiyo inayomsaidia dereva kusukuma breki.

Sasa kiwambo kikichanika, nini kinatokea? Bila mguu kwenye pedali hakuna kinachotokea, kwa sababu pande zote mbili za mchaniko zina vakyumu ile ile na hakuna hewa ya nje inayoingia. Ndiyo maana kubana mpira wa busta uani hakukubadilisha kitu, na chupa ya maji haikuonyesha kitu. Lakini ukikanyaga, hewa inaingia chumba cha nyuma, inapenya kwenye mchaniko, inafika chumba cha mbele na kunyonywa moja kwa moja kwenye manifoldi. Inaendelea hivyo kwa muda wote mguu ulipo. Kwenye busta nzima sindano inashtuka kidogo unapokanyaga na kurudi, haibaki chini. Tofauti hiyo, kushtuka au kubaki, ndiyo ya kuangalia.

Na kwa nini gari lilitembea vizuri? Kwenye sailensi kipepeo kimefungwa karibu kabisa na injini inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya hewa yote na mchanganyiko unakuwa mwepesi kupita kiasi cha kuwaka. Ni kama kunywa soda kwa mrija uliotoboka: ukivuta polepole unapata hewa tupu. Kwenye mwendo, kipepeo kikiwa wazi, hewa ni nyingi, vakyumu ni ndogo, na juu ya yote mguu hauko kwenye breki.

Tulikuwa na dhana nyingine ya kuiondoa kwanza. Ukikanyaga breki taa za nyuma zinawaka, na dereva alishasema taa zinazidisha tatizo. Tulitoa fyuzi ya taa za breki na kurudia: sindano ilishuka vile vile. Balbu mbili za wati 21 haziwezi kuilemea altaneta kiasi hicho. Taa kubwa za usiku zilikuwa zinaongeza mzigo tu juu ya injini ambayo tayari imedhoofika.

Uthibitisho wa mwisho ulifanyika uani, gari likiwa na kabali kwenye magurudumu: tulichomoa mpira wa busta, tukaziba tundu la manifoldi, dereva akakanyaga. Sindano haikutikisika.

Uamuzi mgumu: kuziba au kutengeneza

Bosi alipoona injini imetulia kwa kizibo, alisema kile ambacho wenye magari wengi wangesema. "Fundi, acha hivyo hivyo. Nina mzigo wa watu, nitarudi wiki ijayo."

"Bosi, nikiliacha hivyo nimekurudishia sailensi nikakuondolea breki."

Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja kamili. Bila busta breki zipo, lakini zinadai nguvu ya mguu mara kadhaa, na dereva anayekatiziwa na bodaboda kwenye Mandela hana muda wa kujipanga. Tulikataa kulitoa gari. Bosi alikasirika, akakodi kirikuu kwa mzigo wa siku hiyo, na nadhani hakupenda kulipia. Sijutii uamuzi huo hata kidogo.

Masta silinda ilipotolewa, ile habari ya mafuta ya breki yasiyoonekana yanapomwagikia ilipata jibu. Sili ya nyuma ilikuwa imekufa na mafuta yalikuwa yanavuja kuingia ndani ya busta. Tulimimina kiasi cha kikombe cha chai. Kiwambo kilikuwa kimelainika na kuchanika pembeni. Kufunga busta nyingine bila kugusa masta silinda kungekuwa kuihukumu mapema, kwa hiyo masta silinda ilibadilishwa mpya. Kwa busta, uwezo wa mteja ulikuwa kwenye iliyotumika kutoka Gerezani.

Tuliipima kabla ya kulipa, kwa pampu ya mkono ya vakyumu, fimbo ikiwa imeachiwa na fimbo ikiwa imesukumwa. Ya kwanza kuletwa ilishika vizuri fimbo ikiwa imeachiwa na ikaporomoka iliposukumwa, ugonjwa ule ule. Mwenye duka alikuwa na hakika nzima kwamba ni nzima, maana amezoea kuzipima kwa kunyonya mpira tu. Ya pili ilishika kote. Tulipima pia nafasi kati ya fimbo ya busta na pistoni ya masta, kwa sababu ikibana breki zitashika zenyewe, kisha tukatoa hewa magurudumu yote manne.

Matokeo

Gari lilirudi kwenye mataa yale yale na dereva yule yule. Mguu ukiwa kwenye breki sindano ilishtuka na kurudi 17 na nusu, mizunguko 750. Injini inazima ufunguo unapozimwa. Pedali imekuwa laini, na viatu vya nyuma vilivyobadilishwa mwanzo vilikuwa havina kosa.

Dereva anasema mafuta yanakaa zaidi. Naamini, kwa jinsi kabureta ile ilivyokuwa imesetiwa, ila hakuna aliyepima ulaji kabla, kwa hiyo hapa hakuna asilimia ya kuandika.

Kilichofaa na kilichokwamisha

Kilichomgharimu bosi pesa nyingi kuliko vyote ni kabureta kushikwa kwanza. Naelewa kwa nini inashikwa kwanza: iko juu, skrubu zake zinafikika kwa bisibisi, na ukizizungusha mlio unabadilika, kwa hiyo mteja anaona fundi anafanya kazi. Lakini kupandisha sailensi kunaficha karibu kila ugonjwa wa sailensi bila kuutibu. Gereji ya kwanza haikukosea kuosha kabureta. Ilikosea kupandisha skrubu bila kuandika ilikuwa wapi. Gereji ya pili iliongeza ugonjwa mpya juu ya wa zamani, na kuanzia hapo yeyote aliyelisikiliza gari alikuwa anasikia mawili kwa pamoja.

Chupa ya maji na kubana mipira ni vipimo vizuri, ila jibu lake linahusu hali ile uliyopimia tu. "Hakuna hewa inayoingia" kulimaanisha hakuna hewa inayoingia wakati pedali imeachiwa. Tangu kisa hiki kipimo chetu cha vakyumu kina mtu ndani ya gari: anakanyaga breki na kushikilia, anawasha taa kubwa, anazungusha usukani, kila kimoja kwa zamu yake, na msomaji wa geji anaandika.

Kilichofaa zaidi kwa maoni yangu ni karatasi ya malalamiko yaliyoandikwa kwa maneno ya dereva. Breki ngumu, mafuta ya breki yanayopotea, mtetemo kwenye mataa: vyote vitatu vilikuwa kwenye ukurasa mmoja tangu asubuhi ya kwanza. Karatasi hiyo haikutupa jibu, lakini sindano iliposhuka Buguruni hatukuhitaji kubahatisha tuanzie wapi kufungua. Fundi anayempokea bosi peke yake, na kumwacha dereva nje na gari, angepata toleo la bosi: "kabureta mbovu."

Limebaki jambo moja. Mountingi ya injini ya upande wa kulia imelowa oili na kulegea, kwa hiyo mtetemo mdogo bado unasikika kwenye usukani. Bosi ameiahirisha mpaka mzigo ujao ulipwe, na haina hatari ya kutulazimisha kumshikia gari. Dereva ameonyeshwa alama tuliyochora kwenye kopo la mafuta ya breki. Yakishuka chini ya alama hiyo, gari linakuja gereji kabla halijapakia.